Buibui wa Babu Marimba

Jumamosi moja ya kiangazi hiki wenzangu wa ofisini walinikokota kwenda kwenye tamasha la muziki. Nasema walinikokota kwa sababu, rafiki yangu, Jumamosi yangu mimi ni ya kufua na kulala. Ukishashinda kwenye ofisi za serikali kule Mtumba wiki nzima ukigonga mihuri kwenye makaratasi ya watu, huna hamu ya kwenda kusimama juani mbele ya maspika. Lakini waliniambia patakuwa na ngoma za asili, tena za kwetu, na kwamba nisipokwenda basi mimi ni Mgogo wa kwenye kitambulisho tu. Nikavaa viatu.

Palikuwa pazuri, sikatai. Uwanja mpana nje ya mji, mahema meupe, moshi wa nyama choma, vijana wameinua simu zao juu wakirekodi kila kitu. Mchana akapanda jukwaani kijana mmoja na marimba. Sisemi ile ya kugonga kwa vijiti, nasema yetu: kisanduku cha mti chenye vyuma vyembamba juu, unakishika kwa mikono miwili na kukipiga kwa vidole gumba. Kijana anajua kupiga. Vidole vyake vyepesi, na sauti anayo. Lakini masikio yangu yalikuwa yanasumbuka. Ule mvumo wa chini, unaotakiwa kuufuata kila mlio, ulikuwa unakwaruza.

Alipomaliza nikamfuata nyuma ya jukwaa, mama mzima na mkoba wangu begani, nikainama kuchungulia lile tundu dogo la mbele ya kisanduku. Lilikuwa limezibwa kwa kipande cha nailoni ya mkate.

"Utando uko wapi, mwanangu?" nikamuuliza.

"Utando gani, mama?"

"Wa buibui."

Akacheka, kicheko cha heshima lakini kicheko. "Mama, nyumba zenyewe siku hizi ni za tofali na rangi. Huyo buibui nimtoe wapi?"

Nikarudi kukaa na wenzangu. Wakaniuliza mbona nimepoa ghafla, nikasingizia jua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaondoka pale uwanjani. Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu, nina umri wa miaka kumi na mmoja, miguu imepauka vumbi hadi magotini, na nina kosa ambalo sijamwambia mtu.

Kijiji chetu kiko upande wa kwenda Kongwa, unaacha lami na kuingia ndani mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Siku ya ngoma ilikuwa moja kwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa, uwele na mtama vimeshaingia ghalani, na watu hawana kazi kubwa zaidi ya kupura na kupiga soga. Vikundi vilikuja kutoka mbali, vingine kwa malori, vingine kwa miguu. Watu wa Bahi walikuja na zeze zao na samaki wakavu wa kuuza. Asubuhi ya kiangazi kule kwetu ina baridi ya kugonganisha meno, halafu ikifika saa nne jua linakuja na upepo wake, na upepo unakuja na vumbi. Ukila karanga za kuchemsha siku hiyo unakula na mchanga kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Tulikuwa watatu, wasichana watupu: mimi, mtoto wa mwalimu, na binti wa fundi baiskeli. Mtoto wa mwalimu alikuwa mtu wa Kondoa, baba yake alihamishiwa kwetu kufundisha, na alikuwa anajua kila kitu, au tuseme alikuwa hakubali kuwa kuna kitu hajui. Binti wa fundi baiskeli alikuwa kinyume chake, mpole, mwenye kula sana, kucha zake hazikuisha grisi kwa sababu alimsaidia baba yake kuziba pancha. Mimi nilikuwa katikati yao, nikifuata anayepiga kelele zaidi.

Mwaka ule kulikuwa na mgeni rasmi kutoka mjini. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mwenyekiti wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba akitangaza usafi. Shule ikapakwa chokaa mpaka kwenye mawe ya njiani. Zahanati ikapakwa, kanisa likapakwa, hata mti wa uwanjani ulipakwa chokaa kiunoni. Bibi yangu, niliyekuwa nikiishi naye, akatuita sisi watatu siku mbili kabla ya ngoma na kututuma kwa Babu Marimba.

Babu Marimba hakuwa babu yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu, mzee mwembamba, macho yake yameanza kuingia ukungu, na nchi nzima ile ilimjua kwa marimba yake. Mkewe na bibi yangu walikuwa mashoga tangu usichana, tena walipiga muheme pamoja, zile ngoma ambazo wanawake wa kwetu huzibana mapajani na kuzipiga wamesimama. Huyo mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Tangu siku ile mzee hakupiga marimba tena mbele za watu. Bibi alimsihi mwaka wa kwanza, akakataa. Mwaka wa pili akamsihi tena, miezi mitatu mfululizo, kila akimpelekea mlenda lazima amgusie jambo hilo. Mwishowe mzee akasema sawa, nitapiga, ili unipumzishe.

"Nendeni mkamfagilie ndani na kumchotea maji," Bibi akatuambia. "Yeye yuko shambani mpaka jioni. Kile chumba cha ndani msikiguse, hataki."

Basi tukaenda. Tulitumwa kufagia sakafu na kuchota maji, rafiki yangu, na tungeishia hapo tusingekuwa na hadithi. Lakini mtoto wa mwalimu alisimama katikati ya ile tembe yake ya udongo, mikono kiunoni kama mwalimu wa zamu, akatazama juu na kusema kuta zile ni aibu. Shuleni tulikuwa tukikaguliwa, ukikutwa na utando wa buibui darasani kwenu ni sifuri. Na kuta za Babu zilikuwa zimejaa. Sio tu zile nyuzi za vumbi, bali pia vidude vyeupe, mviringo, bapa kama kifungo cha koti, vimegandama kwenye udongo wa ukuta. Ni nyumba za mayai ya buibui. Tulifunga ufagio kwenye mti mrefu tukakokota nyuzi zote. Vile vyeupe vilikuwa vigumu kutoka, kwa hiyo tukaviparua kwa kijiko, kimoja kimoja, mpaka pembe za mwisho. Halafu, kwa kuwa tulishanogewa, tukachanganya udongo na majivu tukakandika kuta upya. Jioni mzee alirudi, akanusa ule udongo mbichi, akafurahi. "Wake zangu mmenijengea nyumba nyingine," akasema, maana ndivyo alivyokuwa akitutania, sote watatu wake zake. Macho yake hayakuona zaidi ya hapo, na sisi tulirudi nyumbani tumevimba vichwa.

Asubuhi ya siku ya ngoma tulifika uwanjani mapema kabla jua halijashika. Wanawake walikuwa wamekoka moto wa mabua pembeni wakipasha ngoma zao, wanazigeuza geuza ngozi ikaze, na kila mmoja anaigonga ya kwake na kutega sikio. Harufu ya ngozi iliyopata moto ninayo puani mpaka leo. Mama mmoja alikuwa na sufuria la togwa, mwingine maandazi, na watu wa Bahi walishaanza kukwangua zeze zao kwa majaribio. Njuga zilikuwa zinalia miguuni mwa watu wasiocheza hata kucheza, wanatembea tu kusalimiana. Nilikuwa na furaha ya kupasuka.

Ndipo tukamwona Babu anakuja. Alikuwa amevaa koti lake jeusi, marimba ameifunga kwenye kitenge, na anatembea polepole kuliko kawaida yake. Tukamwamkia, akaitikia marahaba bila utani wowote. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi pale kwenye moto.

"Shemeji," akasema, "nyumba yangu imeibiwa."

Bibi akaacha ngoma. "Wameiba nini?"

"Buibui."

Waliokuwa karibu wakacheka, hata Bibi alicheka, lakini mzee hakucheka. Akamweleza. Utando aliokuwa amezibia tundu la marimba yake ulikuwa wa miaka miwili, umekauka, na alipoupuliza vumbi asubuhi ile ukachanika. Siku zote alipohitaji mwingine alinyoosha mkono tu ukutani kwake, akabandua mmoja wa zile tando nyeupe za mayai, akaubandika kwa nta ya nyuki. Leo amenyoosha mkono, ukuta mtupu. Ameupapasa nyumba nzima. Bila utando marimba hailii, inagonga tu vyuma.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mtoto wa mwalimu, mjuaji wetu, alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

Bibi akatugeukia. "Nani aligusa kuta?"

Tulikuwa watatu na midomo mitatu, na wote tulinyamaza. Bibi hakuuliza mara ya pili, kwa sababu wakati huo mpiga marimba mmoja wa Bahi alikuwa amesogea, akamsalimia mzee kwa Kigogo, "Mbukwenyi," akamtolea kipande cha karatasi ya sigara ili azibie. Babu alikipokea, akakibandika, akapiga vyuma viwili. Sote tulisikia. Ilikuwa sauti ya karatasi.

Akakibandua, akamrudishia yule bwana, akamshukuru. Halafu akaiweka marimba ndani ya kitenge na kukaza fundo. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Alisema kwa upole kabisa, "Shemeji, si unaona mwenyewe. Na buibui naye ameondoka, kama mwenzangu." Akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya darasa, mbali na watu.

Bibi alibaki ameshika kijiti cha moto. Alisema, si kwetu hasa, alisema tu, "Akiifunga leo ndio kaifunga. Hatutamtoa tena."

Kikundi chao kilikuwa kimepangwa kupiga baada ya chakula cha mgeni rasmi, saa nane. Wakati ule ilikuwa kama saa nne. Mtoto wa mwalimu akatuvuta pembeni, amepata sauti yake tena, akasema kijiji kizima hakiwezi kukosa buibui mmoja. Na sisi tukaamini.

Rafiki yangu, hujawahi kumtafuta buibui ukamkosa? Tulianza na madarasa. Chokaa tupu, nyeupe kama maziwa. Tukaenda zahanati, mhudumu akatuuliza tunaumwa nini, tukasema tunatafuta buibui, akatufukuza akidhani tunamtukania usafi wake. Kanisani mzee wa kanisa alitufungulia, tukaangaza hadi nyuma ya madhabahu, pamepakwa. Tukaenda kwa mwalimu, nyumbani kwa rafiki yetu mwenyewe, nyumba ya saruji, mama yake alikuwa ametoa hata vitanda nje. Chooni kwa mwenye duka tulipata nyuzi, lakini nyuzi si kitu, zinakatika hata kwa kuzipumulia. Kila tulikoingia tulikuta watu wametii tangazo la mwenyekiti. Sijawahi kuuchukia usafi kama siku ile.

Na wakati huo huo ngoma zinaendelea. Hapo ndipo adhabu yetu ilipokuwa kali. Tulisikia kila kitu na hatukuona chochote. Tukiwa nyuma ya zahanati tulisikia wacheza njuga wa kijiji cha jirani wanashangiliwa. Tukiwa kanisani tukasikia filimbi, na kishindo cha miguu kiliingia mpaka kwenye mabenchi. Binti wa fundi baiskeli alikuwa analia kimya kimya kwa njaa, maana sisi wawili tulikataa kusimama kununua hata andazi. Nilikuwa nimeingojea siku ile mwaka mzima.

Tuliishia kukaa kwenye kivuli cha lori la Kongwa, tumechoka. Ni mimi niliyekumbuka kile chumba cha ndani. Sikutaka kukumbuka. Nilisema polepole, "Kuna mahali hatukufagia."

Mtoto wa mwalimu akasema tulikatazwa. Nikasema najua. Binti wa fundi baiskeli, ambaye siku nzima hakuwa ametoa wazo, akainuka akafuta machozi na kusema, "Mzee atatupiga, lakini atakuwa anapiga na marimba." Tukakimbia.

Kutoka uwanjani mpaka kwa Babu ni mbali kwa miguu ya mtoto. Tulifika tumekaukiwa koo. Mlango wa chumba cha ndani ulifungwa kwa kamba tu, nikaifungua. Ndani palikuwa giza na vumbi la miaka miwili. Kulikuwa na kitanda bila godoro, mtungi mdomo umefunikwa kwa kipande cha kibuyu, kanga mbili zimekunjwa. Na ukutani, imetundikwa kwa ukanda wa ngozi, ilikuwa ngoma ya muheme ya marehemu. Tulitazama kuta zote kwa mwanga wa mlangoni, hakuna kitu, kumbe kuta zile zinapata maji ya mvua na buibui hataki unyevu. Ilibaki nyuma ya ngoma. Nikainyanyua kidogo tu, kuchungulia. Ule ukanda ulikuwa umeliwa, ukakatika mkononi mwangu, na ngoma ikaniangukia kifuani nikaanguka nayo chini.

Ililia. Mlio mmoja, mzito, ndani ya kile chumba kidogo. Tuligeukia kitanda tukidhani mwenyewe atauliza ni nani huyo.

Pale ilipokuwa imetundikwa, pakavu kwa kukingwa na ngoma, palikuwa na tando tatu, nyeupe, safi, zimepangana.

Kuziparua kwa kijiko ilikuwa rahisi, kuzibandua nzima ni kazi nyingine. Mtoto wa mwalimu alianza, kwa haraka yake, ukachanika. Nikajaribu wa pili, nimebana pumzi, nimefika nusu, kucha ikapenya. Ukabaki mmoja. Wote wawili tukamtazama binti wa fundi baiskeli. Yeye alijifuta grisi kwenye gauni, akalowesha kidole kwa mate, akalainisha kingo pande zote bila haraka, kisha akachukua jani la nyasi kavu na kulipitisha chini ya ule utando kidogo kidogo, kama alivyokuwa akibandua kiraka cha zamani kwenye mpira wa baiskeli. Aliimba huku anafanya. Ukatoka mzima. Tulitia ule utando ndani ya kiberiti kitupu tulichokiokota jikoni, kwa sababu ya upepo, na yeye akakishika kwa mikono miwili.

Ngoma ikabaki sakafuni. Ukanda umekatika, hatuna pa kuitundika, na kuiacha chini tuliona ni dhambi nyingine juu ya ile ya kwanza. Nikaikumbatia nikaenda nayo.

Tulimkuta Babu kwenye benchi lile lile. Bibi alikuwa amekaa ubavuni kwake. Watu walikuwa wameshamaliza kula, na mtangazaji alikuwa anaita majina ya vikundi. Tukasimama mbele yao, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema ni sisi tuliofagia kuta, Babu, na kukandika, na tulijua tangu asubuhi, na tumeingia chumba cha ndani. Nilikuwa nalia hata sijui kama nilieleweka. Binti wa fundi baiskeli akafungua kiberiti.

Mzee hakukitazama kiberiti. Aliitazama ngoma. Alinyoosha mkono akaigusa ngozi, akapitisha kiganja juu yake mpaka ukingoni, akarudisha.

"Haijatoboka?" akauliza.

"Haijatoboka, Babu."

Akaichukua mikononi mwangu. Halafu akamwekea Bibi mapajani. "Shemeji, ipashe moto. Imelala sana."

Bibi alijifunika uso kwa kanga, mabega yakatikisika kidogo, kisha akasimama akaenda kwenye moto. Babu ndipo akachukua kile kiberiti. Akatoa donge la nta mfukoni mwa koti, akalilainisha kwa vidole, akauweka utando kwenye tundu kwa kupapasa tu. Akapiga chuma kimoja.

Uliitika. Ule mvumo ulitoka chini ya mlio kama mtu anaguna kifuani. Akatutazama na yale macho yake ya ukungu. "Nilijua ni wake zangu," akasema. "Nani mwingine anakandika mpaka uvunguni?"

Sitakueleza sana walivyopiga. Nilikaa chini kwenye vumbi mbele kabisa na nikasikia vizuri. Mwanzoni mzee alipiga ameinamisha kichwa, kama mtu anayepita njia aliyoisahau, anasimama anakumbuka. Bibi alisimama nyuma yake na ngoma ya shoga yake mapajani, akampigia taratibu, akimngoja. Halafu wakashikana. Wanawake wengine wakaingia na ngoma zao, shingo zikaanza kutikisika, vigelegele, vumbi likapanda mpaka mgeni rasmi akafunika kinywa kwa kitambaa. Mtoto wa mwalimu alikuwa ananifinya mkono hadi ukaniuma. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena kwa namna ile, kwa sababu ilikuwa na woga uliotoka kuisha ndani yake. Tuliona tumemrudisha mzee. Na tulimrudisha kweli, sijivuni, alipiga mwaka ule na miaka sita mingine iliyofuata, mpaka alipofariki.

Lakini nilichokikumbuka pale kwenye mahema meupe, kilichoninyamazisha mbele ya wenzangu, si hicho.

Alipotoka uwanjani, amelowa jasho, watu wanampa mkono, alirudi kwenye benchi lake na kutuita. Tukaja. Akaipangusa marimba kwa kona ya kitenge na kunitolea, akaniwekea mapajani. "Haya," akasema. "Sauti mmenitafutia. Sasa nani kati yenu ataitafutia mikono? Watoto wangu wako mijini, hawaitaki. Tuanze leo, vidole bado vina moto."

Nikapiga vyuma viwili vitatu. Vilikuwa vigumu, vikaniuma kidole. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Uwanjani watu wa Kongwa walikuwa wanaingia, ukiacha ya Babu tulikuwa hatujaona ngoma hata moja tangu asubuhi, na tulikuwa na njaa. Tukatazamana.

"Kesho, Babu," tukasema.

"Kesho," akasema. Akaipokea.

Tulikimbia kwenda kula maandazi. Yalikuwa matamu mno.

Kesho yake tulikwenda kuchanja kuni. Keshokutwa sijui tulikuwa na nini. Shule zikafunguliwa. Nyumba yake na yetu ziligusana uzio, rafiki yangu, nilimwona kila siku ya Mungu, nilimpelekea mlenda, nilimwamkia, alinitania. Jioni nyingi alikaa nje akipiga peke yake, nami nilikuwa upande wa pili nikiosha vyombo, nasikia. Hakuwahi kuniuliza tena. Mimi nadhani alikuwa anangoja nimwambie leo. Nilikwenda sekondari, nikarudi likizo, akapiga, nikasikia. Halafu likizo moja nikarudi nikakuta turubai limefungwa kwake na watu wamekaa chini.

Tembe yake ilianguka na mvua, watoto wake wakaja wakajenga ya tofali na bati. Marimba sijui iko wapi. Bibi hayupo. Mtoto wa mwalimu yuko Kondoa, anafundisha kama baba yake, na binti wa fundi baiskeli ana duka la vipuri vya pikipiki mjini hapa, tukionana huwa tunaongea habari za watoto. Tulizunguka kijiji kizima sisi watatu siku moja ya jua kali, tukavunja amri, tukalia, tukabeba utando wa buibui kwenye kiberiti kama dhahabu, ili mzee apige. Lile jepesi la kukaa naye nusu saa jioni, atushike vidole atuonyeshe chuma cha kwanza ni kipi, lilitushinda. Hatukukataa, tulisema kesho tu, hilo ndilo linaloniuma. Mzee angekuwa hai ningemwambia hivyo, kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyekataa.